Televisheni ya sebuleni imemfunulia mama mkwe siri ya operesheni yangu

BARUA

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, naishi Tanga mjini. Nimesumbuliwa miaka mingi na uvimbe kwenye kizazi. Hedhi ikija haikatiki, naweka pedi mbili kwa mpigo na bado kanga inalowa. Nimeshaongezewa damu mara mbili. Vidonge nimekunywa, sindano nimechomwa, mwisho daktari akaniambia uvimbe ni mwingi na umekaa vibaya, kuutoa mmoja mmoja haiwezekani, bora kizazi kitoke chote. Mifuko ya mayai kaiacha. Mimi na mume wangu tulikaa, tukakubaliana, nikafanyiwa. Sasa niko wiki ya tatu.

Ndugu tuliwaambia ni operesheni ya kutoa uvimbe, basi. Hatukudanganya, ila hatukusema yote. Sababu ni mama mkwe wangu. Kila akija humwambia mwanawe amletee "mmoja wa mwisho", na huko kwao Pangani mwanamke akitolewa kizazi watu husema kabaki gofu.

Na yeye ndiye aliyekuja kuniuguza. Sina neno baya juu yake. Ananipikia, ananifulia, usiku anaamka kuniuliza kama nataka maji. Lakini anataka kunikanda kwa maji ya moto kama mzazi, na mkaja kashauandaa. Nikimwambia daktari kakataza, anasema madaktari wa siku hizi wanajua kushona tu.

Lililonileta kwako ni hili. Mchana nyumba imejaa watu, kwa hiyo maswali yangu namuuliza simu usiku: kama nitanenepa, kama hamu itakwisha, kama mume ataona tofauti. Nimetazama video nyingi za YouTube za wanawake waliopitia haya. Kidonda nacho nimekipiga picha nilinganishe jana na leo, maana upande mmoja kinatoa majimaji ya njano kidogo, hayanuki. Juzi baada ya magharibi watoto wakawasha televisheni sebuleni, ile yenye YouTube ndani yake. Badala ya katuni zao, skrini nzima ikajaa picha za matumbo na maandishi makubwa: maisha baada ya kutolewa kizazi, tendo la ndoa baada ya kutolewa kizazi. Mwanangu wa darasa la tano akaanza kuyasoma kwa sauti. Mama mkwe alikuwa palepale kwenye mkeka anachagua mchele. Hakusema kitu. Asubuhi yake akaniuliza, "Hivi mwanangu, walikutoa uvimbe peke yake?" Nikajibu ndiyo, mama. Tangu hapo ananitazama tu.

Simu hii alininunulia mume wangu, na dukani palepale akaniwekea email yake kwa sababu mimi sikuwa nayo. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya.

Mpwa wangu anayesoma chuo anasema niweke VPN. Jirani anasema kuna mahali pana picha ya kofia na miwani, ukipitia hapo hakuna atakayejua. Halafu kuna jingine naona haya kulisema. Niliona tangazo la dawa ya kusafisha mwili baada ya operesheni, nikajaza jina, namba ya simu na ugonjwa wangu ili nishauriwe bure. Sasa kuna mtu ananiandikia WhatsApp kila siku, anataka nitume elfu themanini kwanza ndipo dawa ije na basi.

Somo, nifanyeje nisome mambo yangu bila nyumba nzima kujua? Na mama mkwe nimjibu nini?

Mgonjwa, Tanga


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Wiki ya tatu humlaghai mgonjwa. Maumivu yamepungua, anajiona mzima, kumbe ndani nyuzi bado zinashikilia nyama. Hilo nitalirudia. Kwanza tuimalize televisheni, maana ndiyo iliyokuvua nguo.

Hakuna aliyekupeleleza. Simu yako, simu ya mumeo na televisheni ya sebuleni vyote vinakula sahani moja, na sahani yenyewe ni ile email ya mumeo. Google haitambui kwamba anayetafuta saa saba za usiku ni wewe na anayewasha televisheni jioni ni mtoto. Inaona mteja mmoja tu, anayependa katuni, mpira na habari za kizazi, basi inampakulia vyote kwa pamoja popote alipofungua. Ndiyo maana hata mumeo akianza kuandika neno kwenye simu yake, maneno uliyoyatafuta wewe yanaweza kumtokea chini kama pendekezo.

Na kabla hujafanya lolote, itazame ile picha ya kidonda. Simu nyingi za Android huhifadhi nakala ya kila picha kwenye akaunti, zenyewe, bila kuuliza tena. Kama ya kwako imewashwa hivyo, tumbo lako liko pia kwenye simu ya mumeo, na zipo televisheni zinazoonyesha picha za familia zikipishana pale skrini inapokaa bila kazi. Fungua programu ya Picha, gusa alama ya akaunti juu kulia, uangalie kama kuhifadhi nakala kumewashwa. Zima. Halafu futa picha za kidonda, na uzifuate hadi kwenye takataka uzifute huko pia, maana picha iliyokwisha kuhifadhiwa hukaa takatakani siku 60 kabla ya kupotea. Daktari akitaka kuona kidonda atakiona mwenyewe.

Sasa ile akaunti. Usiiondoe leo kwa hasira. Mara nyingi namba za watu wako na picha za watoto zimehifadhiwa humo, ukiitoa nazo zinaondoka kwenye simu. Ongeza akaunti ya pili, ya kwako, kwa jina na neno la siri unalolijua wewe, kisha kwenye YouTube na kwenye Chrome uhamie hiyo. Polepole utahamisha namba za simu na vingine. Mwanamke wa miaka 43 mwenye simu yake anastahili kuwa na email yake, na sioni kwa nini mumeo alikatae hilo. Kama atalikataa, niandikie tena, maana hapo tutakuwa na mazungumzo mengine.

Yaliyokwisha kuandikwa hufutwa kwa mumeo, kwa kuwa akaunti ni yake. Mwombe mkae pamoja jioni moja. Kwenye mipangilio ya akaunti ya Google kuna sehemu ya shughuli zako: pale pana historia ya mlichotafuta, na pembeni pana historia ya YouTube peke yake. Ni vitabu viwili tofauti, ukifuta kimoja cha pili kinabaki, na wengi hukwama hapo. Mkimaliza, mnaweza kuiamuru ifute yenyewe kila baada ya miezi 3. Mapendekezo ya televisheni hayatabadilika dakika hiyohiyo, lakini watoto wakiangalia katuni zao siku chache yatarudi kuwa ya kitoto.

Jirani yako wa kofia na miwani kasema kweli nusu. Kile ni kichupo cha Hali Fiche kwenye Chrome. Ukifungua hapo ukasoma na ukafunga, simu haibaki na kumbukumbu ya kurasa ulizosoma, wala ya maneno uliyoandika. Kwa mtu anayegombea simu na watoto inatosha kabisa, na ndiyo ninayokushauri uizoee. Lakini ina mipaka, nayo uijue. Ukishafungua kichupo hicho kisha ukaingia kwenye akaunti ya mumeo humohumo, umebomoa ukuta uliojenga. Ukigusa video na simu ikakuuliza kama ifungue programu ya YouTube, kataa, itazame humohumo ndani. Au ingia kwenye programu ya YouTube yenyewe, nayo ina hali fiche yake pale penye alama ya akaunti. Faili ulizopakua zinabaki kwenye simu, hata ukifunga.

Zaidi ya hapo, kofia ile haikufichi kwa wenye tovuti, na kampuni ya simu inayokupa intaneti inaweza kuona ni tovuti gani umeiendea, ingawa kwa tovuti nyingi za leo haioni ukurasa gani hasa umesoma. Hata Wamarekani walichanganyikiwa. Mwaka 2020 watumiaji walifungua kesi huko wakidai waliamini Hali Fiche inawaficha na Google yenyewe, na mwaka 2024 kampuni ikakubali, katika kuimaliza kesi, kufuta mabilioni ya kumbukumbu ilizokusanya. Kwa hiyo usijione mjinga.

VPN ya mpwa wako iache. Kazi ya VPN ni kuficha njia kati ya simu yako na intaneti. Wewe siri yako haikuvujia njiani, ilivujia sebuleni. Ukiwasha VPN ukatazama YouTube kwa akaunti ya mumeo, video zitatokea kwenye televisheni ileile kama kawaida. Tena hizo za bure, nyingine hujilipa kwa kukusanya habari za wanaozitumia. Na kwa hapa kwetu kuna sheria: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa na kuzisajili, ikaweka mwisho tarehe 30 ya mwezi ule. Huyo mpwa sijui kama alikwambia hilo.

Kuhusu mwenye dawa ya elfu themanini sina maneno mengi. Usitume hata mia. Hakuna dawa ya kusafisha ndani baada ya operesheni hii, pale ndani pameshonwa na panajiponya. Mzuie kwenye WhatsApp na umripoti humohumo. Ujumbe wake wa kutaka pesa ukija kwa njia ya kawaida ya simu, utume kwenda 15040, namba tuliyopewa ya kuripotia matapeli. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Akiendelea kukusumbua kwa kutumia ugonjwa wako, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo kwa malalamiko ya namna hiyo. Aibu yako uiweke chini. Yule aliweka fomu pale akijua wanaoijaza ni wanawake wenye hofu saa saba za usiku.

Tuje kwenye mwili.

Majimaji ya kidonda usiyasubirishe hadi kliniki ya wiki ya sita. Nenda wiki hii, hata kituo cha afya cha karibu, kivuliwe kitazamwe. Mara nyingi maji ya njano yasiyonuka ni kitu kidogo, ni maji yaliyojikusanya chini ya ngozi, lakini anayeweza kusema hivyo ni aliyeona kwa macho. Yakianza kunuka, yakiwa usaha, ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, kidonda kikiachia, au ukipata homa ya nyuzi 38 na kuendelea, hapo ni siku hiyohiyo, usilale nyumbani. Vilevile ukitokwa na damu nyingi mbichi au mabonge, mguu mmoja ukivimba na kuuma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, au pumzi ikikubana ghafla. Hayo mawili ya mwisho watu huyadharau kwa kuwa yako mbali na tumbo. Damu inaweza kuganda mguuni baada ya operesheni, kisha ikapanda mapafuni, na hiyo huua upesi. Ndiyo maana hospitali walikunyanyua kitandani mapema ukiwa bado unalia. Tembea uani kila siku, kidogo kidogo, usishinde umelala.

Uchafu wa kahawia kidogo, hata uzi mdogo wa mshono kutoka, si ajabu kwa wiki hizi. Weka pedi. Usiingize kitu chochote ndani.

Vya kunyanyua: mwisho wako ni dumu la lita 5, na hilo nalo si lazima. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji kabla hujahesabu ndoo yenyewe, hiyo iache hadi daktari akuruhusu, kwa kawaida baada ya wiki sita mpaka nane. Kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi, kuinamia jiko la mkaa, kufagia uwanja kwa ufagio mfupi, yote hayo yanakunja tumbo palepale penye mshono. Ukitaka kukohoa au kucheka, bana mto tumboni kwanza. Kutoka kitandani jigeuze ubavu, sukuma kwa mkono. Bajaji unaweza kupanda ukishika mto uleule, bodaboda bado. Kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, tafuteni kiti kilichotobolewa mkiweke juu yake, na ule papai, mchicha, unywe maji mengi, maana dawa za maumivu hufunga choo na kukamua ndiko kunakoumiza. Sala unaijua ruhusa yake: mgonjwa huswali amekaa.

Kidonda kioge maji ya kawaida na sabuni kidogo, kikaushwe kwa kitambaa safi, kiachwe. Usikiwekee asali, wala majani, wala ule unga wa vidonge vya kupasua ambao kila nyumba ya Kiswahili ina bingwa wake. Kukanda, hapana. Watu wanakanda mzazi wakisema kizazi kirudi na damu chafu itoke. Cha kwako hakipo kirudi wapi? Maji ya moto juu ya mshono ni kuunguza ngozi ambayo bado ina ganzi, maana pale penye kovu utaungua usisikie. Mkaja wa kubana nao usifunge mpaka anayekutibu aseme. Kuna mikanda ya tumbo ambayo madaktari wengine huwapa wagonjwa wao, hiyo ni habari tofauti na kitambaa kilichokazwa kikalowa jasho.

Ile hofu yako ya usiku nayo. Kutolewa kizazi hakumnenepeshi mtu. Kinachonenepesha ni kulala miezi miwili huku unaletewa supu. Kwa kuwa mifuko ya mayai imebaki, homoni zako zinaendelea. Hutaona hedhi tena, lakini hujaingia ukomo leo, ingawa kwa wengine ukomo huwahi kidogo kuliko ulivyopangiwa. Ungetolewa na mifuko ningekuambia mengine.

Gofu wanalosema ni maneno. Kizazi kilikaa juu, ndani. Uke uko palepale, sehemu ya juu umefungwa kwa mshono, na matumbo yamejisogeza kujaza nafasi. Mumeo hatakuta pango. Lakini mshono ule wa juu ndio unaohitaji muda, kwa hiyo tendo la ndoa lisubiri angalau wiki sita na liruhusiwe na daktari aliyekupima. Hata mumeo akiwa na haraka. Hamu huwarudia wengi, na wako wanaosema imezidi, maana mtu aliyekuwa akivuja damu nusu ya mwezi na hana damu mwilini alikuwa na hamu gani? Mara za kwanza uke ukiwa mkavu, yapo mafuta maalumu ya kulainisha famasi, ya maji. Si mafuta ya nazi ya jikoni yaliyokwisha kukaangiwa.

Mama mkwe sasa. Mimi naona anajua. Mwanamke mtu mzima haulizi swali kama lile asubuhi kwa bahati mbaya. Aliusikia ule usomaji, akalala nao, akakuachia nafasi ya kusema. Wewe ukasema ndiyo mama, na yeye bado anaamka usiku kukuletea maji. Hilo ulihesabu.

Hata hivyo, habari ya kizazi chako ni yako, na hakuna anayekudai. Kama unajua kwa hakika kwamba akithibitisha ataanza kumtafutia mwanawe mke wa pili, unayo haki ya kusema, "Mama, daktari alitoa kilichokuwa kinanitoa damu," ukanyamaza. Hakuna uongo hapo. Lakini kama unachokiogopa ni uso wake tu, mimi nakushauri asemewe, na asemaye awe mwanawe. Si wewe uliyelala na kidonda. Operesheni mliikubali wawili. Mumeo amkalishe mamaye uani, wewe usiwepo, amwambie: mke wangu alikuwa anavuja mpaka anaongezewa damu, daktari alisema ikiendelea hivi tunaweza kumpoteza, mimi mwenyewe niliridhia kizazi kitoke, na watoto watatu ninao, wa mwisho ameshazaliwa. Hiyo "mmoja wa mwisho" naye ndiye wa kuizima, miaka yote hii kaiacha ikuangukie wewe kwa kuwa ni rahisi.

Akishajua, ndipo hata la kukanda litakwisha lenyewe, maana ataelewa hakuna cha kukandia. Mpe kazi nyingine yenye heshima. Uji wa pilipili manga aukoroge, supu ya samaki apike, watoto awashikie. Mama zetu hawawezi kukaa nyumba ya mgonjwa mikono mitupu.

Mtoto wa darasa la tano usimkaripie kwa kusoma. Alikuwa anafanya alichofundishwa shule. Mwambie mama aliumwa tumboni, daktari akatoa sehemu iliyokuwa inaumwa, kidonda kinapona. Atauliza maswali mawili halafu atakimbilia mpira. Namba ya kufungulia simu, lakini, ibadilishe, na ujumbe usiwe unajitokeza wote juu ya skrini ikiwa imefungwa.

Siku ya kwenda hospitali andika maswali yako kwenye karatasi kabla hujatoka, hayahaya unayomuuliza simu, na usiondoke hujajibiwa. Mwombe daktari mzungumze wawili mkibaki peke yenu, kama kuna ndugu amekusindikiza. Uliza pia majibu ya maabara. Kizazi kikitolewa hupelekwa kupimwa kujua uvimbe ulikuwa wa namna gani. Mara nyingi sana ni uvimbe wa kawaida usio saratani, lakini majibu ni yako na yanatakiwa yawe kwenye faili lako, na mgonjwa asiyeyauliza wakati mwingine hayaoni kabisa. Mtu anapokuwa na maumivu hakumbuki kama aliambiwa au hakuambiwa. Nenda na kadi yenye namba yako ya hospitali, bila namba hiyo utazungushwa madirishani mpaka mchana. Uliza pia kama mlango wa kizazi ulitolewa au uliachwa, maana ukiwa umeachwa bado unatakiwa kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kama wanawake wengine.

Somo